Kamusi za asili ya maneno ya Kiingereza: tumezipima kwa kitenzi "accoutre"

Jibu fupi kwa mfasiri, mhariri au mwalimu anayetaka kujua neno la Kiingereza limetokea wapi: anza na Online Etymology Dictionary, ambayo ni ya bure, hakikisha kwa Merriam-Webster, na neno likiwa limepitia Ufaransa, usifunge kazi kabla ya kufungua TLFi, kamusi kuu ya Wafaransa, nayo pia ya bure. Oxford English Dictionary inazipita zote kwa mbali, lakini wengi hawana haja ya kuilipia. Zile kamusi za bure zilizojaa kwenye simu, kwa kazi hii hasa, achana nazo. Sababu zinafuata.

Zote tumezipima kwa neno moja: kitenzi accoutre, yaani kumvika mtu na kumpa zana zinazoendana na shughuli anayoiendea. Si neno la kila siku, na ndiyo faida yake. Lina tahajia mbili, limetoka kwenye Kilatini ambacho hakuna aliyekiandika, lina nadharia ya zamani iliyokwisha kuwekwa kando lakini bado inazunguka mitandaoni, na maana yake ya Kifaransa cha leo imeachana na ile ya Kiingereza. Ukiipima kamusi kwa dress au wear, kila moja itaonekana nzuri.

Kwanza neno lenyewe, msomaji awe na cha kulinganishia. Kiingereza kililichukua katika karne ya 16 kutoka Kifaransa accoutrer, ambalo zamani liliandikwa acoustrer au acostrer: kupanga, kuweka sawa, kisha kuvisha. Kabla ya hapo kuna Kilatini cha mitaani, *accosturare, kushona pamoja, na ndani yake consuere na suere, kushona. Herufi s iliyo mbele ya t ilimezwa katika Kifaransa, ndiyo maana leo tuna couture, yaani ushonaji, ilhali Kihispania na Kireno bado husema costura. Ukoo huohuo una suture, mshono wa daktari kwenye jeraha, na kwa njia ya lugha za Kijerumaniki una sew na seam. Hata sutra ya Kisanskriti, kwa asili uzi, ni ndugu wa mbali.

Hapa neno hili linajitenga na wenzake. Vitenzi vingi vya Kiingereza vya kumpa mtu au kitu vifaa vimetoka baharini. Equip kimekuja kwa Kifaransa, na inaelekea chanzo chake ni neno la Kinorse la kale la kuitayarisha meli, ambalo ndani yake mna skip, meli yenyewe. Rig ni kufunga kamba na matanga. Outfit lilianza kama matayarisho ya chombo kinachokwenda safari ndefu. Caparison lina hadithi yake, maana lilikuwa la matandiko ya farasi kabla ya kuwafikia watu. Accoutre pekee, kati ya hawa, limetoka kwenye sindano na uzi. Kamusi ikishindwa kukuonyesha tofauti hiyo, imeshindwa kazi uliyoifungulia.

Sasa kamusi zenyewe.

Online Etymology Dictionary, ambayo wengi huiita Etymonline, ni kazi ya Mmarekani Douglas Harper, aliyeianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kuijenga kwa kusoma kamusi kubwa za wataalamu na kuzifupisha. Nguvu yake iko kwenye aya moja fupi inayokupeleka kutoka Kiingereza hadi Kifaransa, hadi Kilatini, hadi mzizi wa zamani kabisa, bila kubofya mara kumi. Kwa accoutre inakupa njia yote tuliyoieleza juu, na ukibofya mzizi *syu- mwishoni unapata ukurasa wenye jamaa zote za kushona. Kwa mwalimu anayeandaa kipindi, ukurasa huo peke yake unatosha somo zima.

Ila inasomwa kwa kanuni zake, na watu wengi hawazijui. Kinyota kilicho mbele ya *accosturare maana yake umbo hilo halijawahi kuonekana kwenye maandishi yoyote. Wataalamu wamelijenga upya kwa kuangalia watoto wake katika Kifaransa, Kihispania na lugha nyingine za ukoo huo. Ukilinakili ukaacha kinyota, umegeuza makisio yenye hoja kuwa ushahidi. Kosa hili limejaa kwenye mablogu na hata kwenye vitabu vya kiada. La pili ni tarehe. Ukiona 1590s, hiyo ni miaka 1590 hadi 1599, nayo ni tarehe ya andiko la kwanza la Kiingereza lililosalia, si siku neno lilipozaliwa. Watu huenda walilitamka miaka mingi kabla. La tatu, nomino na kitenzi huwa na vidahizo tofauti, yaani kila kimoja kimeorodheshwa peke yake kwenye kamusi, na tarehe tofauti. Accoutrements, vifaa vyenyewe, haina sharti la kufuata tarehe ya kitenzi, kwa hiyo fungua vyote viwili.

Udhaifu mkubwa wa Etymonline ni kwamba ina ukurasa wa jumla wa vyanzo lakini mara nyingi haikuonyeshi ni chanzo kipi kimebeba dai lipi. Nukuu nazo ni chache. Kwa makala ya gazeti haina neno. Kwa tasnifu, msimamizi makini ataikataa kama chanzo cha mwisho, na atakuwa na haki.

Merriam-Webster ya Springfield, Massachusetts, tunaipa nafasi ya pili kwa sababu tofauti: si kwa historia, bali kwa matumizi. Ndiyo inayokumalizia ubishi wa tahajia. Wamarekani huruhusu accouter, na hapo utaandika accoutered na accoutering. Waingereza huandika accoutre, accoutred, accoutring. Nomino pia hufuata mkondo huo: accouterments kule, accoutrements huku, ingawa Wamarekani wengi nao hutumia hii ya pili. Anayehariri kitabu cha mchapishaji wa Nairobi au Dar es Salaam afuate ya Uingereza na aiweke lugha ya kompyuta yake kwenye Kiingereza cha Uingereza kabla ya kuanza, la sivyo kikagua tahajia kitamchanganyia zote mbili katika sura moja.

Sauti yake ya kusikiliza nayo ina msaada. Mkazo uko kwenye silabi ya pili, "kuu", ndefu. Hakuna "kaut" humo. Wanafunzi wengi hulisoma kwa kufuata out, na kosa likishakaa ni gumu kuling'oa. Kasoro ya Merriam-Webster ni uzito wa kurasa: matangazo, michezo ya maneno, video. Kwa mtu wa bando dogo, fungua ukurasa, nakili unachotaka, funga. Tena tahadhari na mifano iliyookotwa kutoka magazeti ya mtandaoni. Imekusanywa na mashine, si mhariri aliyekaa na kuichagua, na mingine haifai kuwekwa mbele ya wanafunzi.

Tukija TLFi, hapa ndipo watafsiri wetu wengi hukosa. Ni toleo la mtandaoni la Trésor de la langue française, kamusi ya juzuu 16 iliyochapishwa kati ya 1971 na 1994, na unaisoma bure kwenye tovuti ya CNRTL, kituo cha rasilimali za lugha kilichoko Nancy, Ufaransa. Kurasa ni nyepesi, hazina matangazo, na kila kidahizo kina sehemu ya historia yenye tarehe na maandiko. Kwa accoutrer inakuonyesha wazi hatua ambayo kamusi za Kiingereza huiruka: namna neno la kushona na kupanga lilivyokuwa la kuvisha, kisha likageuka likawa la kejeli. Mfaransa wa leo akisema mtu amejiaccoutrer, anamcheka: amevaa vituko, nguo hazimkai, rangi zinagombana.

Hii ina uzito kwa wasomaji wa Bukavu, Goma, Bujumbura na Kigali, ambao Kifaransa waliwahi kukisoma kabla ya Kiingereza. Wakikutana na sentensi ya Kiingereza yenye accoutred, wepesi wa kwanza ni kudhani mhusika anadhihakiwa. Si lazima. Kwa Kiingereza neno linaweza kuwa la heshima, la kijeshi, la mzaha mwepesi au la kejeli; ni sentensi nzima inayoamua. Mshairi Dryden alilitumia kwa watu waliovaa matambara, na hapo kejeli ipo. Shakespeare analitumia bila kejeli yoyote katika Julius Caesar: Cassius anasimulia jinsi Kaisari alivyomchokoza waogelee katika mto Tiber uliofurika, naye akajitosa vilevile alivyokuwa, accoutred as I was. Uzito wa maneno hayo uko kwenye zana: mtu kajirusha majini na mavazi na vyuma vyake. Katika The Merchant of Venice, Portia analitumia akimweleza Nerissa watakavyovaa kama vijana wa kiume, na pale ni mavazi ya kujigeuza, hakuna vita. Tamthilia zote mbili Mwalimu Nyerere alizitafsiri kwa Kiswahili, kwa hiyo anayetaka zoezi zuri la tafsiri ana maandiko mawili tayari ya kulinganisha.

Kwa Kiswahili, tukiwa hapo, hakuna kitenzi kimoja kinacholibeba accoutre lote, na hakuna haja ya kukibuni. Kuvika na kuvisha vinachukua nguo. Zana zinahitaji kutajwa. "Amevalia kivita na zana zake zote" inatosha kwa askari. Kwa muktadha wa mzaha, "kajipamba na makorokoro yake" iko karibu zaidi kuliko "amepewa vifaa", ambayo inanuka ofisi ya ugavi.

Oxford English Dictionary (OED) ndiyo yenye nukuu, na nukuu ndizo zinazotenganisha historia na hadithi. Kila maana ina mstari wa maandiko yenye tarehe, kutoka la zamani hadi la karibuni, kwa hiyo unaliona neno likitembea. Mpangilio wa sasa wa tovuti hugawa kila kidahizo katika sehemu: maana na matumizi, asili, matamshi, maumbo ya tahajia, na marudio ya matumizi. Sehemu ya maumbo ndiyo tamu kwa neno kama hili, maana tahajia zake za kale ndizo zinazoonyesha njia lilikopitia. Bila kulipia unapata ukurasa wa muhtasari: idadi ya maana, muhtasari wa asili, na andiko la kwanza. Kwa mahitaji ya watu wengi muhtasari huo ndio mwisho wa safari, nasi tunashauri uishie hapo mpaka kazi ikulazimishe kuendelea.

Ikikulazimisha, ulizia kwanza maktaba ya chuo chako, kwani vyuo vingi hulipia kwa pamoja na mwanafunzi huingia bila gharama. Aliyeko Uingereza aangalie kadi yake ya maktaba ya umma. Nyingi hufungua OED hata ukiwa nyumbani. Usajili wa mtu binafsi una maana kwa mtafsiri wa fasihi ya kale, mwandishi wa kamusi au mtafiti wa lugha. Kwa mwalimu wa sekondari, hapana.

Onyo moja kuhusu nakala za zamani za OED zinazozunguka kwenye diski na faili za kupakua. Sehemu ya kwanza kabisa ya kamusi hiyo, A hadi Ant, ilitoka mwaka 1884 chini ya uhariri wa James Murray, na accoutre limo humo. Toleo la pili la 1989, juzuu 20, liliunganisha maandishi ya zamani na nyongeza zake, halikuyaandika upya yote. Kwa hiyo faili lenye jalada la 1989 linaweza kukupa etimolojia ya zama za Malkia Victoria kwa herufi A. Si takataka, lakini usiitaje kama neno la mwisho la Oxford. Marekebisho makubwa yalianza kutolewa mtandaoni mwaka 2000, na yanaendelea.

Hapo ndipo inapoingia ile nadharia iliyowekwa kando. Katika karne ya 19, wataalamu kama Skeat walilihusisha accoutrer na coustre, mtunza kanisa, ambaye miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuhifadhi mavazi ya ibada. Neno hilo linarudi kwenye custos ya Kilatini, mlinzi. Ni hadithi ya kuvutia, kwani mtu wa sakristia kumvisha padri inaleta picha safi. Kamusi za leo zinashika njia ya kushona, ambayo umbo la neno linaiunga mkono na ambayo couture inaitolea ushahidi. Lakini Webster ya mwaka 1913 iliitaja nadharia ya mtunza kanisa kwa neno "labda", na Webster hiyo haina tena hakimiliki. Matokeo yake imenakiliwa kwenye tovuti na programu za simu zisizohesabika, mara nyingine na "labda" ikiwa imedondoka njiani.

Programu nyingine za simu hubeba WordNet ya Chuo Kikuu cha Princeton, hifadhidata iliyotengenezwa kwa kompyuta kuchambua uhusiano wa maana, si kwa historia. Humo accoutre ni kumpa mtu vifaa vya kijeshi, basi. Mwanafunzi anayeitegemea ataona mpanda milima au mpishi aliyeelezwa kwa neno hili akadhani mwandishi amekosea. Namna ya kuigundua programu uliyonayo ni rahisi: tafuta accoutre. Ukipewa jeshi peke yake, unatumia WordNet. Ukiona custor, umbo jingine la custos, au sakristia, una Webster ya 1913. Ukiona vyote viwili vimewekwa pamoja bila tarehe, futa. Hizo sekunde mbili zinakuokoa na makosa ya maneno mengine maelfu.

Wiktionary, iliyoanza Desemba 2002, iko katikati. Kwa accoutre ni nzuri kuliko sifa zake: hutenganisha tahajia, hutoa jedwali la minyambuliko na hukuunganisha na kidahizo cha Kifaransa. Shida ni kwamba yeyote anaweza kuhariri, na ubora hutofautiana kutoka neno hadi neno. Kabla ya kuamini sehemu ya asili, bofya historia ya ukurasa uone nani alibadilisha nini na kama ametaja chanzo.

Baada ya kamusi, kuna swali ambalo kamusi nyingi hazilijibu vizuri: je, neno bado lina uhai? Google Books Ngram Viewer, chombo cha mtandaoni kinachochora grafu ya jinsi neno linavyotumika vitabuni mwaka hadi mwaka, hulijibu bure. Andika accoutre, accoutred, accoutrements, ukitenganisha kwa alama ya mkato, chagua Kiingereza cha Uingereza, kisha rudia kwa cha Marekani. Weka alama kwenye kisanduku cha kutojali herufi kubwa na ndogo, la sivyo maneno yaliyo mwanzoni mwa sentensi hayahesabiwi. Kwa maandishi ya kabla ya 1800 kuna mtego: s ndefu ya wachapaji wa zamani husomwa na mashine kama f, hivyo dress hugeuka drefs na idadi yake hushuka kwa uongo. Accoutre halina s, limesalimika. Ndiyo maana usililinganishe na dress kwa karne ya 18. Lilinganishe na equip.

Unapolitumia mwenyewe, litumie kama Waingereza wanavyolitumia: kwa hali ya kutendwa, accoutred, likifuatiwa na in kwa mavazi, with kwa vifaa, au for kwa shughuli. Hali ya kutenda, mtu kumvalisha mwenzake, ipo kisarufi lakini inasikika kama hotuba ya karne nyingine. Nomino accoutrements ndiyo inayotembea sana. Katika lugha ya kijeshi ina mpaka wake: ni mikanda, mifuko ya risasi na vitu vya namna hiyo, mbali na silaha na sare, ndiyo maana vitabu vya zamani huandika arms and accoutrements. Ukitafsiri hapo "silaha na sare" umekosea pande mbili. Andika "silaha na zana za mwilini", au vitaje vitu vyenyewe kama andiko linakuruhusu.